Kioo Kilekile, Kipenyo Kingine

Nikisema kazi yangu ni nyuzi za kioo, swali la kwanza huwa ni la intaneti. Na kweli, kioo ni hichohicho. Uzi ninaoanza nao ni ule unaobeba simu na video chini ya bahari: silika safi, kipenyo cha nje mikromita 125 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na katikati kiini cha mikromita 8 au 9 kilichotiwa jemaniamu kidogo ili nuru isitoroke. Nikimaliza nao, sehemu ya katikati yenye urefu wa sentimita chache imebaki na unene wa nusu mikromita. Wimbi la nuru nyekundu ni refu kuliko unene huo, na bado linapita humo. Sijaongeza dawa yoyote wala sijagusa kemia ya kioo. Nimekivuta tu.

Sasa peleka humo mapigo mafupi ya leza ambayo wimbi lake lina urefu wa nanomita 800 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), rangi ambayo jicho linaiona kwa shida sana. Upande wa pili unaweza kupata mwali mweupe wenye rangi zote za upinde wa mvua. Peleka nuru ya nanomita 1550, isiyoonekana kabisa, na kipenyo kikiwa sawasawa utaona kijani. Kwenye uzi ambao haujavutwa, nuru ileile na nguvu ileile zingepita sentimita hizohizo na kutoka karibu kama zilivyoingia.

Ninaandika haya kwa sababu katika mazungumzo ya watu wa fani yangu nasikia sana habari za vioo vipya, fuwele mpya, madini mapya. Vyote vina nafasi yake. Lakini naamini kipenyo hakijapewa heshima kinayostahili, na ningependa mtu asiye wa fani hii naye aone kwa nini.

Nuru tunayoishi nayo kila siku haigombani na kitu. Miali miwili ikikatana hewani, kila mmoja unaendelea na safari yake kana kwamba mwenzake hakuwepo. Nuru ikiongezwa maradufu upande huu wa dirisha, upande wa pili inatoka maradufu. Sababu iko kwenye elektroni. Nuru ni wimbi la umeme na sumaku. Likipita kwenye kioo linazitikisa elektroni za atomu, nazo zinasogea kwa kadiri zinavyosukumwa. Sukuma mara mbili, zitasogea mara mbili. Ukichora uhusiano huo kwenye karatasi unapata mstari ulionyooka.

Ila elektroni imefungwa kwenye atomu yake, na utii wake una mwisho. Ikisukumwa kwa nguvu nyingi mno haisogei tena kwa uwiano uleule, na mstari ule unaanza kupinda. Ndani ya mpindo huo ndimo yalimo yote yanayonifanya niamke na hamu ya kwenda kazini: rangi zinazozaliwa, mapigo yanayojifinya yenyewe, nuru moja inayobadilisha njia ya nyingine.

Tatizo ni udogo wake. John Kerr wa Uskoti aliona mwaka 1875 kwamba umeme mkali hubadilisha namna kioo kinavyopitisha nuru, lakini kuona nuru yenyewe ikifanya kazi hiyo waziwazi kulisubiri leza, aliyoiwasha Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka uliofuata, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza leza ya rubi, nanomita 694, kwenye fuwele ya kwatzi wakapata nuru kidogo sana ya nanomita 347. Masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, yalikuwa yameongezeka maradufu kamili. Alama iliyoachwa na nuru hiyo kwenye bamba la picha ilikuwa hafifu kiasi kwamba katika jarida lililochapisha matokeo, doa lenyewe lilifutwa kwa kudhaniwa uchafu. Ukiufungua ukurasa ule leo utaona mshale umeelekezwa kwenye nafasi tupu. Naiheshimu sana picha hiyo. Inaonyesha vizuri kuliko maneno jinsi jambo hili lilivyokuwa dogo lilipoanza.

Kwa silika, hesabu iko hivi. Kipimo cha kupinda nuru cha kioo hiki ni takriban 1.45, maana yake nuru humo inakwenda polepole mara 1.45 kuliko kwenye ombwe. Kila unapoongeza wati moja juu ya mita moja ya mraba, kipimo hicho kinaongezeka kwa kama 2.6 × 10⁻²⁰. Jua la mchana hutupa kama wati 1,000 kwa mita ya mraba, kwa hiyo badiliko linalosababishwa na jua kwenye kioo ni kitu ambacho hakuna chombo kitakachokisumbukia.

Unafanyaje basi ili ulione? Ongeza nguvu ya leza, au ibane nuru mahali padogo, au iache isafiri umbali mrefu ili badiliko dogo lijikusanye. Lenzi inabana, lakini haishikilii. Ukiikusanya nuru ya nanomita 800 kwa lenzi nzuri mpaka ikawa doa dogo kabisa linalowezekana, ndani ya mikromita moja hivi tayari imeanza kutawanyika tena. Uzi wa mawasiliano unashikilia kwa kilomita nyingi, lakini haubani sana: nuru inajaza eneo la kama mikromita 80 za mraba. Uzi uliovutwa mpaka nusu mikromita unafanya yote mawili. Nuru inabanwa kwenye eneo la kama theluthi moja ya mikromita ya mraba, na inabaki imebanwa hivyo kwa sentimita nzima, sentimita mbili, hata zaidi.

Chukua miliwati moja tu, nguvu ya kalamu ya leza ya kuonyeshea ubaoni. Igawe kwa theluthi ya mikromita ya mraba. Unapata kama wati bilioni 3 kwa mita ya mraba, jua la mchana mara milioni 3, na bado hujagusa leza kubwa. Leza ya mapigo ninayotumia mimi hutoa wastani wa miliwati 100 hivi, lakini hiyo nguvu haiji mfululizo. Inakuja kwa mapigo milioni 80 kila sekunde, na kila pigo lina urefu wa kama femtosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya trilioni ya sekunde. Ukipiga hesabu, kileleni mwa kila pigo kuna zaidi ya kilowati 12. Zipitishe kwenye ile theluthi ya mikromita na kipimo cha kupinda nuru kinabadilika kwa kama moja kwa elfu. Moja kwa elfu ni kubwa sana katika ulimwengu huu: kila baada ya sehemu ya kumi ya milimita, kilele cha pigo kinakuwa kimeachana na pembezoni zake kiasi cha kuanza kubadilisha rangi.

Usidhani kwamba ukizidi kuvuta ndiyo unazidi kupata. Mark Foster, Alexander Gaeta na wenzao wa Cornell walionyesha mwaka 2004 kwamba kuna kipenyo bora kwa kila rangi. Kwa silika iliyozungukwa na hewa, nuru ya nanomita 800 inabanwa zaidi kabisa kwenye kipenyo cha karibu nanomita 550. Hapo ukali wa ule mpindo wa mstari, unaopimwa kwa kila wati na kila kilomita, unapita 600. Uzi wa kawaida wa mawasiliano, kwenye nanomita 1550, una kama 1.3. Ukivuta chini ya hapo, nuru haienei tena ndani ya kioo; inafura kwenda nje, ikitembea hewani huku imeushika uzi, na kubanwa kunapungua upya. Nitairudia hiyo nuru ya nje, maana siyo hasara hata kidogo.

Kuvuta kwenyewe kunastahili aya zake. Unaanza kwa kubandua ngozi ya plastiki kwenye sehemu ya katikati ya uzi, unafuta kioo kwa karatasi isiyoacha nyuzinyuzi iliyoloweshwa asetoni, kisha pombe, na unautazama chini ya hadubini. Chembe moja ya vumbi ikibaki imekwisha kazi: uzi ukishakuwa mwembamba, chembe hiyo itang'aa kama nyota na kuvuja nuru yote. Uzi unabanwa kwenye vishikio viwili vilivyo juu ya mota. Mwali mdogo wa haidrojeni unasogezwa chini yake. Mota zinaanza kuvuta pande mbili, taratibu, milimita kwa milimita, huku mwali ukienda na kurudi kando ya uzi ili kulainisha urefu unaotakiwa. Timothy Birks na Youwei Li waliandika mwaka 1992 hesabu inayosema ni lini mwali uende umbali gani ili upate umbo unalotaka, na hadi leo watu wengi tunavuta kwa kufuata hesabu hiyo. Msingi wake hauna fumbo: kioo hakipotei, kwa hiyo kila kinachorefuka lazima kipungue unene.

Kutoka mikromita 125 mpaka nusu mikromita, kipenyo kinapungua mara 250. Kile kiini cha jemaniamu nacho kinapungua mara 250, kinabaki na nanomita thelathini na kitu, kidogo mno kushikilia nuru yoyote. Kwa hiyo katika sehemu nyembamba kiini cha zamani hakina kazi tena. Uzi mzima umekuwa kiini, na hewa imekuwa gamba, yaani tabaka linalokizunguka kiini. Tofauti kati ya kioo na hewa ni kubwa mno ikilinganishwa na ile tofauti ndogo kati ya kiini na gamba la kiwandani, ndiyo maana nuru inaweza kubanwa hivyo.

Wakati wote huo nuru dhaifu inapita kwenye uzi na mimi ninatazama skrini. Mwanzoni mstari wa nguvu inayofika upande wa pili umetulia. Kisha unaanza kutetemeka. Nuru imegawanyika katika maumbo kadhaa ya kusafiri, tunayaita modi, na maumbo hayo yanakutana mwishoni yakiwa yamepishana, mara yanaongezana, mara yanapunguzana. Kadiri uzi unavyorefuka mtetemo unakuwa wa kasi zaidi. Halafu, kwa ghafla kabisa, mstari unanyooka. Uzi umekuwa mwembamba kiasi kwamba modi moja tu inaweza kuishi ndani yake. Kwa nuru ya nanomita 1550 hilo hutokea karibu na mikromita 1.14, kwa nanomita 780, karibu na nanomita 566. Mstari ukinyooka juu, karibu na pale ulipoanzia, unajua kwamba karibu hakuna nuru iliyopotea njiani. Kundi moja la Chuo Kikuu cha Maryland lilitangaza mwaka 2014 nyuzi za namna hii zinazopitisha asilimia 99.95. Wakati mota zinaposimama na mwali unapovutwa pembeni, uzi hauonekani kwa jicho. Ukipitisha leza nyekundu unaona mstari mwembamba wa nuru unaoning'inia hewani, na ukipumua karibu yake unayumba.

Kuhusu mwali mweupe. Robert Alfano na Stanley Shapiro walipata nuru pana ya namna hiyo mwaka 1970 kwa kupiga kipande cha kioo kwa leza kali sana. Chinlon Lin na Rogers Stolen waliipata ndani ya uzi mwaka 1976. Lakini mwaka 2000 ndio uliobadilisha mambo: Jinendra Ranka na wenzake wa Bell Labs walitumia uzi wenye matundu ya hewa kuzunguka kiini chembamba, na mwaka huohuo Birks, William Wadsworth na Philip Russell wa Chuo Kikuu cha Bath walionyesha kwamba uzi wa kawaida wa mawasiliano, ukivutwa tu mpaka mikromita chache, unafanya kitu kilekile. Leza haikuwa dude la kujaza chumba. Ilikuwa leza ya maabara ya kawaida yenye mapigo mafupi.

Kubana peke yake hakutoshi kueleza hilo. Kuna mtawanyiko pia. Rangi mbalimbali hazisafiri kwa kasi moja ndani ya kioo, kwa hiyo pigo fupi linatawanyika na kudhoofika kabla halijafanya kazi yoyote ya maana. Silika ina mahali pamoja, karibu na nanomita 1270, ambapo mtawanyiko huu unapita sifuri, na kwenye mawimbi marefu kuliko hapo unageuka upande wa pili. Huko, ule mpindo wa Kerr na mtawanyiko vinaweza kusawazishana, na pigo likasafiri bila kubadilika umbo. Tunaliita solitoni. Akira Hasegawa na Frederick Tappert walilitabiri ndani ya nyuzi mwaka 1973, na Linn Mollenauer, Stolen na James Gordon wakaliona mwaka 1980.

Sasa, leza nzuri za mapigo mafupi ziko kwenye nanomita 800, mbali na 1270. Mtu angesema basi, kioo hiki hakifai, tafuta kingine. Lakini ukiuvuta uzi, umbo lake lenyewe linaongeza mtawanyiko wa aina yake na kuihamisha ile sifuri. Kwenye kipenyo cha mikromita 2 hivi sifuri iko kati ya nanomita 700 na 800, chini ya rangi ya leza. Ukifika karibu na mikromita 1 imeshuka mpaka kwenye kijani, na Sergio Leon-Saval na wenzake wa Bath walitumia hilo mwaka 2004 kupata mwali mpana kutoka kwa leza ndogo ya kijani ya nanomita 532. Hapo ndipo ninapowashika mkono wale wanaoniambia kioo cha kawaida kimezeeka: sifa ambayo tulifundishwa ni ya kioo, imehamishwa kwa kuvuta tu.

Pigo likiingia kwenye uzi kama huo linajifinya, linavunjika vipande vya solitoni, na kila kipande kinapita njia yake. Molekuli za kioo zinazotetemeka huiba nishati kidogo na kusukuma solitoni kwenda kwenye wekundu zaidi, mtawanyo uleule alioueleza C. V. Raman mwaka 1928. Upande mwingine solitoni zinatema nuru ya buluu ambayo kasi yake inalingana nazo. Yote hayo ndani ya sentimita chache. Nuru hiyo pana ndiyo iliyowezesha kulinganisha masafa ya leza na maradufu yake na kuhesabu mawimbi ya nuru moja kwa moja, kazi iliyowapa John Hall na Theodor Hänsch sehemu ya Nobel ya mwaka 2005.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye ile kijani.

Nuru ya nanomita 1550 ikiwa kali ya kutosha, elektroni zinazosukumwa nje ya uwiano zinatoa pia wimbi lenye masafa mara tatu. Fotoni, yaani chembe za nuru, tatu zinaingia, moja inatoka, nanomita 517, kijani kibichi kabisa. Kila sehemu ya kioo ambayo nuru inapita inazalisha kijani hiki. Basi kwa nini hatukioni kwenye kila uzi wa mawasiliano? Kwa sababu kijani kinakwenda kwa kasi tofauti na nuru iliyokizaa. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake anapanda, ukisukuma nje ya wakati unamzuia mwenyewe. Ndani ya uzi wa kipenyo cha mikromita 0.8 hivi, nuru ya 1550 iko nusu hewani nusu kwenye kioo, na inasafiri kana kwamba kipimo cha kupinda nuru ni karibu 1.1. Kijani kikikaa kwenye modi yake ya kwanza, kimejificha ndani ya kioo na kipimo chake ni karibu 1.4. Tofauti hiyo ina maana kwamba kijani kinachozaliwa kinaongezeka kwa umbali usiofika hata mikromita moja, kisha kijani kipya kinaanza kukifuta cha zamani. Unavuta sentimita mbili za uzi na mazao yake ni ya mikromita moja.

Njia ya kutoka ni nzuri sana, na ni ya umbo tupu. Modi za juu za kijani, zile zenye duara la nuru kuzunguka kitovu, hazikai ndani ya kioo kwa utulivu kama ya kwanza. Zinachungulia nje zaidi, kwa hiyo zinakwenda kasi zaidi. Ukichagua kipenyo vizuri, chini kidogo ya mikromita 0.8, mojawapo ya modi hizo inasafiri kwa kasi ileile ya wimbi la 1550 lililo kwenye modi ya kwanza. Mzazi na mtoto wanakwenda hatua moja, na kijani kinajikusanya milimita baada ya milimita. Victor Grubsky na mwenzake Savchenko waliandika hesabu ya jambo hili mwaka 2005, na tangu hapo limeonekana katika maabara kadhaa. Kinachotoka si nukta ya kijani. Mwangaza huo unapiga kwenye karatasi kwa umbo la modi ya juu, kitovu kikiwa na pete yake, na umbo hilo ni ushahidi kwamba kijani kilizaliwa ndani ya uzi kwa njia uliyoipanga.

Ugumu wake ni kwamba uzi haukusamehi. Ili kasi zilingane kwa milimita moja nzima, kipenyo hakiruhusiwi kuyumba hata nanomita moja au mbili. Atomu za silika zimepangana kwa umbali wa sehemu za kumi za nanomita, kwa hiyo tunazungumzia tabaka chache tu za atomu. Ndiyo maana kijani kinachopatikana kwa kawaida bado ni kidogo mno kikilinganishwa na nuru iliyoingia, na ndiyo maana kila nikikiona nasimama kukitazama hata kama nimekiona mara nyingi. Baadhi yetu tunatamani safari ya kinyume: fotoni moja ya kijani iingie, fotoni tatu za 1550 zitoke zikiwa zimefungamana tangu kuzaliwa. Kanuni ya hatua moja ni ileile, kipenyo ni kilekile, lakini uhafifu wake unahitaji uzi ulio sawasawa kuliko tunazoweza kuvuta sasa.

Kuhusu maradufu, ile ya Franken: kioo hakistahili kuitoa. Atomu za kioo hazina mpangilio wenye kulia na kushoto, kwa hiyo michango yake inafutana. Isipokuwa kwenye uso, pale kioo kinapoishia na hewa kuanza. Uso una ndani na nje, na hapo masafa maradufu yanaweza kuzaliwa. Uzi mnene hauna faida nayo, lakini kwenye nusu mikromita nuru iko kali kabisa pale pale usoni, na maradufu hafifu imeonekana kwenye nyuzi kama hizi.

Uso huohuo unabeba sauti. Nuru kali inakandamiza kioo na kuamsha mawimbi ya sauti yenye masafa ya gigahetsi, yaani mabilioni ya mitikisiko kwa sekunde, ambayo nayo yanairudisha nuru nyuma ikiwa imebadilika rangi kidogo sana. Kwenye uzi wa mawasiliano badiliko hilo ni kama gigahetsi 11. Jean-Charles Beugnot na wenzake wa Besançon, Ufaransa, walionyesha mwaka 2014 kwamba kwenye uzi mwembamba kuliko wimbi kuna pia sauti inayotambaa juu ya ngozi ya uzi, na masafa yake ni ya chini zaidi, karibu na gigahetsi 6.

Na ile nuru inayotembea nje? Weka kitu kando yake. Spillane na wenzake mwaka 2008 waliweka uzi kama huu ndani ya mvuke wa moto wa metali ya rubidi. Atomu za rubidi huitikia rangi yao maalumu kwa nguvu isiyolingana na kioo, na kwa kuwa nuru ilikuwa imebanwa kando ya uzi, tabia isiyo ya mstari ilionekana kwa nguvu ya chini ya nanowati 10. Nimeanza maelezo haya na kilowati 12 kileleni mwa pigo. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya mara milioni milioni moja, na kwenye zote mbili uzi wa silika ni mwembamba kuliko wimbi la nuru yake. Kundi la Arno Rauschenbeutel, likiwa Mainz mwaka 2010, lilikwenda mbali zaidi: lilitega atomu za metali ya sizi (cesium) kwa nuru ya rangi mbili zinazosafiri nje ya uzi wa nanomita 500, zikae kama nanomita 200 kutoka kwenye uso wake bila kuugusa.

Linabaki swali ambalo kila anayeanza kazi hii huniuliza: kama kila kitu kinategemea kipenyo, unakijuaje? Hadubini ya elektroni inakionyesha vizuri, lakini uzi unaopelekwa huko haurudi kazini. Unakatwa, unapakwa dhahabu, umekwisha. Hesabu ya kuvuta inakupa makadirio. Ule mstari unaonyooka kwenye skrini unakupa alama moja tu, ya pale modi za juu zilipokufa. Jibu ninalolipenda lilitoka kwa watafiti wa Bonn mwaka 2010. Walichukua sharti lile gumu la kwenda hatua moja wakaligeuza kuwa rula. Unabadilisha rangi ya leza inayoingia, polepole, na kuangalia ni kwenye rangi gani nuru ya maradufu au ya mara tatu inaruka juu. Kila rangi inalingana na kipenyo kimoja, kwa hiyo uzi unajitaja wenyewe ukiwa bado umening'inia kwenye vishikio, mzima, kwa usahihi wa asilimia 2 au chini ya hapo. Ukiwa na leza inayobadilishika rangi na spektromita ya kawaida, chombo kinachotenganisha rangi za nuru, anza na kipimo hicho kabla ya kingine chochote.